Mlango Wenye Nguvu Usio na Macho

Jumamosi iliyopita, mapema kabla jua halijawa kali, jirani yangu alinipigia simu. Ni mzee mstaafu, na mtaani kwetu hapa Dar es Salaam wote tunamwita Babu. Akaniambia, "Mwandishi, njoo uone maajabu." Nikavaa kandambili nikaenda.

Kiwanja cha Babu ni kidogo. Banda la gari limejengwa sambamba na ukuta wa mbele, na mlango wake unatazama barabarani moja kwa moja. Kwa miaka mingi mlango ule ulikuwa ukifunguliwa na mlinzi kila gari lilipopiga honi. Siku hiyo mlinzi alikuwa amekaa pembeni kwenye benchi lake, mikono magotini. Babu alisimama barabarani, mkononi ana kidude cheusi kisichozidi kiberiti. Akakibonyeza. Ukasikika mngurumo, na mlango mpya, uliounganishwa kwa mapande manne ya bati nene, ukapanda kwenye reli zake ukaenda kulala chini ya dari. Akabonyeza tena, ukaanza kushuka.

Hapo ndipo mjukuu wake, mtoto wa miaka minne, alipochomoka ndani ya banda huku anacheka, akapita chini ya mlango unaoshuka. Mlango haukusimama wala haukusita. Mtoto aliponea chupuchupu.

Nikamwuliza fundi, kijana aliyekuwa bado anakusanya vifaa vyake, macho ya mlango ule yako wapi. Akanionyesha juu darini, kando ya mota. Kulikuwa na viboksi viwili vidogo, vimefungwa pamoja kwa utepe mweusi wa umeme, vinatazamana. Akasema, "Yale yanasumbua, mzee. Vumbi kidogo tu, mlango unakataa kufunga. Nimeyaweka juu yatazamane, sasa haukatai tena."

Babu akacheka, akasema sasa mlinzi atapumzika mwisho wa mwezi. Mlinzi hakusema neno.

Ndugu wasikilizaji, nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Mashine zinazofungua milango na mageti si kitu kigeni tena katika miji yetu. Zamani ulikuwa unaziona kwenye balozi na kwa wakubwa. Leo ziko Mbezi, ziko Tabata, ziko Nairobi na Mombasa, na fundi wa kuzifunga anapatikana kila mtaa. Tunanunua mashine ili ishike nafasi ya mtu. Basi ni haki tujiulize yule mtu alikuwa na nini, na mashine ilivipata vitu hivyo lini. Maana historia ya mlango unaojifungua wenyewe inaonyesha jambo moja waziwazi: mlango ulipewa nguvu kwanza. Macho yalikuja baadaye sana, na bei yake ililipwa na watoto.

Hamu yenyewe ni ya kale. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kule Aleksandria nchini Misri, aliishi mhandisi mmoja wa Kigiriki aliyeitwa Heron. Aliandika kitabu kuhusu mashine zinazoendeshwa kwa hewa na maji, na ndani yake akaeleza namna ya kufanya milango ya hekalu dogo ijifungue kuhani anapowasha moto madhabahuni. Siri ilikuwa chini ya sakafu. Moto ulipasha hewa joto, hewa ikatanuka, ikasukuma maji kutoka kwenye tufe kwenda kwenye ndoo iliyoning'inia. Ndoo ilipozidi uzito ilishuka, ikavuta kamba zilizozungushwa kwenye mihimili ya milango, nayo milango ikafunguka. Moto ulipozimika hewa ilinywea, maji yakarudi, na uzito wa upande wa pili ukaifunga tena. Waumini waliona muujiza, kumbe ni maji na kamba.

Karibu kila tunachokiona leo kimo katika mashine ile: uzito unaosaidia kuvuta, kamba zinazozunguka, na mtu anayetoa amri akiwa mbali na mlango. Lakini mlango wa Heron haukujua ni nani amesimama kizingitini. Moto ukiwaka, unafunguka. Moto ukizima, unafunga.

Ndoto ya pili ni ile ya Ali Baba na wezi arobaini, hadithi ambayo wengi wetu tulisimuliwa utotoni. Wataalamu wanatuambia kwamba haimo katika maandiko ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland aliipata kwa Hanna Diyab, msimulizi kutoka mji wa Aleppo, mwaka 1709. Mwamba wa pango unasikia neno simsim, yaani ufuta, na unafunguka. Mlango umepata sikio. Lakini kumbukeni yaliyomfika Kasim, ndugu yake Ali Baba. Aliingia pangoni kwa neno lile, mlango ukajifunga nyuma yake, naye kwa tamaa ya dhahabu akasahau neno. Akataja nafaka za kila aina, mlango umetulia tu. Wezi wakamkuta ndani. Kwa hiyo tangu zamani wasimulizi walijua kwamba mlango unaotii neno peke yake unaweza pia kuwa mtego.

Sisi wa pwani hii tulikuwa na desturi nyingine. Milango yetu ya Unguja na Lamu, yenye nakshi na komeo nzito, ilikuwa na neno lake pia, na neno hilo ni hodi. Anayepiga hodi anaomba, na aliye ndani ndiye anayefungua, akiisha kumjua mgeni kwa sauti na kumwona kwa macho. Simsim ni amri. Rimoti ya Babu ni ya ukoo wa simsim.

Sasa tuingie katika zama za motokaa. Kwetu ukisema gereji mtu anaona mafundi, oili na magari yaliyoinuliwa kwa jeki. Lakini neno lenyewe limetoka Ufaransa, likiwa na maana ya mahali pa kuhifadhia gari. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye magari kule Marekani waliyaweka kwenye mabanda yaliyokuwa ya farasi na mikokoteni. Milango ya mabanda hayo ilikuwa ya bawaba, mipana na mizito, inayofungukia nje. Theluji ikianguka usiku, asubuhi mwenye gari alichukua kwanza koleo.

Gari la Ford la Model T lilitengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, na yakatoka zaidi ya milioni 15. Watu wa kawaida, walimu na wakulima, wakawa na gari na wakahitaji banda. Mwaka 1921 Mmarekani C. G. Johnson akatengeneza mlango wa mapande yaliyoungwa kwa bawaba, unaopanda juu kwenye reli na kulala chini ya dari, badala ya kufungukia nje. Historia ya kampuni yake inasimulia kwamba alifunga mfano mdogo wa mlango huo nyuma ya gari lake, akazunguka nao akiwaonyesha watu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1926, akiwa Hartford City katika jimbo la Indiana, akauongezea mota ya umeme.

Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui, na inafaa kuijua kabla hujaagiza mashine. Mlango wa banda la magari mawili huweza kuzidi uzito wa mtu mzima. Mota ndogo ya darini haiinui uzito huo. Anayeuinua ni springi, ile iliyosokotwa juu ya mlango au kuvutwa pembeni. Springi iliyokazwa sawasawa hubeba karibu uzito wote, ili mtoto wa shule aweze kuupandisha mlango kwa mkono mmoja. Mota inauongoza tu kwenda na kurudi. Ni hesabu ile ile ya Heron, ila mahali pa ndoo ya maji pamewekwa chuma kilichosokotwa. Lakini chuma kilichosokotwa kimehifadhi nguvu, na kikiachiwa ghafla kinavunja mkono au kuua. Fundi anayekwambia atakaza springi kwa bisibisi na koleo la kawaida, mshukuru, umwombe aende.

Kwa hiyo kufikia mwaka 1926 mlango ulikuwa na mikono. Bado ulihitaji mtu ashuke garini abonyeze swichi ukutani. Sikio lilikuja na redio, na hapa niruhusuni niseme kama mtu wa redio. Mashine za kufungulia zilipata wanunuzi wengi Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na katika miongo iliyofuata rimoti za redio zikaenea. Rimoti ni kituo cha redio. Ina mtambo wake wa kurushia mawimbi, ina masafa yake, na ina msikilizaji mmoja tu, kile kipokezi kilichokaa darini. Kipindi chake ni neno moja, nalo ni "Fungua."

Tabu ya vituo vile vya mwanzo ni kwamba vyote vilikuwa na neno moja. Rimoti iliita katika masafa fulani, na kila mlango uliokuwa unasikiliza masafa hayo ulitii. Mtu akirudi nyumbani anafungua mlango wake na wa jirani. Ndipo watengenezaji wakaweka vijiswichi ndani ya rimoti na ndani ya kipokezi, ili mwenye nyumba apange neno lake mwenyewe. Vijiswichi vinane vinatoa maneno 256. Vijiswichi 12 vinatoa maneno 4,096. Ilionekana inatosha.

Na redio ni redio, haina ukuta. Rimoti za Marekani zilizoea kutumia masafa kati ya megahezi 300 na 400, tofauti na hizi zetu ambazo nyingi ziko kwenye 433. Masafa yale yalikuwa ya serikali, na vidude vya milango viliruhusiwa kuyatumia kwa sauti ndogo tu, kwa sharti kwamba mwenye masafa akiongea, wao wanyamaze. Mwaka 2004, karibu na kambi ya jeshi la anga ya Eglin katika jimbo la Florida, jeshi lilipojaribu redio zake mpya, wakazi wa jirani walibonyeza rimoti zao bila jibu. Hakuna kilichoharibika. Kituo kikubwa kilikuwa kinaongea, na kile kidogo hakikusikika.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwenye jambo lililonifanya nizungumze leo. Mlango ulikuwa na mikono na masikio. Ukaambiwa funga, ukafunga. Mashine nyingi za zamani zilipogonga kitu zilisimama tu, zikabaki pale pale juu ya kitu kile. Nyingine ziliundwa zirudi juu zikikutana na upinzani, lakini kipimo cha upinzani kilikuwa bisibisi ya fundi. Mlango ukisumbua kufunga, fundi anaongeza nguvu, na mwenye nyumba anaridhika.

Watoto wanapenda mlango unaotembea wenyewe. Wanabonyeza kitufe ukutani na kukimbizana kupita chini yake, kama mjukuu wa Babu. Taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilianza kuhesabu. Kati ya Machi 1982 na miaka ya 1990 ilipokea taarifa za watoto zaidi ya 50, wenye umri wa miaka 2 hadi 14, waliobanwa na kufa chini ya milango hiyo. Ni takriban watoto wanne kila mwaka. Wengi wanaokumbwa na ajali za namna hii huwa nyumbani kwao, mahali ambapo mzazi anaamini mtoto wake yuko salama kuliko popote.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani likatunga sheria. Mashine zote za milango ya gereji za nyumbani zitakazotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 ziwe, pamoja na kurudi juu zinapogonga kitu, na kinga nyingine ya ziada. Kinga iliyoenea ni ile tunayoiita macho: viboksi viwili, kimoja kila upande wa mlango, kimoja kinatuma mwale usioonekana na kingine kinaupokea. Mwale ukikatwa na mguu wa mtoto, paka au baiskeli wakati mlango unashuka, mlango unarudi juu kabla haujagusa kitu. Macho hayo hufungwa chini, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu aliyeanguka au anayetambaa yuko chini.

Tangu mota ya mwaka 1926 hadi macho ya mwaka 1993 ni miaka 67. Ndiyo maana nilipoona macho yale yamefungwa utepe darini, yanatazamana yenyewe kwa yenyewe, nilihisi kama mtu ameichukua miaka ile 67 akaitupa jalalani. Mwale uko, taa yake ya kijani inawaka, na mashine inaamini kwamba njia ni nyeupe. Imedanganywa.

Baada ya macho, ikafuata siri. Mlinzi mwema hamwambii kila mpita njia jinsi mlango unavyofunguliwa. Rimoti za vijiswichi zilitangaza neno lile lile kila siku, na mwenye kipokezi angeweza kulinasa na kulirudia usiku wenye nyumba wakiwa wamelala. Dawa ya jambo hili, ndugu wasikilizaji, ilipikwa katika bara letu. Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilibuni mfumo ulioitwa KeeLoq. Rimoti na kipokezi vinashirikiana ufunguo wa siri na hesabu inayopanda. Kila unapobonyeza, neno linabadilika. Kipokezi kinajua neno linalofuata, na neno la jana hakilitaki tena. Mwizi aliyenasa neno lako la asubuhi amenasa ganda la muwa. Mwaka 1995 kampuni ya Marekani iitwayo Microchip iliununua mfumo huo kwa zaidi ya dola milioni 10, na ukaingia katika magari na milango ya dunia nzima.

Haukudumu bila kuguswa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bochum nchini Ujerumani walionyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na kijikompyuta cha ndani, ufunguo wa mtengenezaji ungeweza kufichuliwa, na baada ya hapo kunasa ujumbe miwili tu kulitosha kutengeneza rimoti pacha. Na wale waliobaki na vijiswichi walipata somo lao mwaka 2015, wakati Mmarekani Samy Kamkar alipochukua kichezeo cha watoto cha kutumiana ujumbe, akakibadilisha kikaweza kupitia maneno yote ya mlango wa vijiswichi kwa chini ya sekunde 10. Hakuhitaji kujua neno la mtu. Aliyapanga yote mfululizo, yakafuatana bila pengo, mpaka mlango ukasikia la kwake. Mashine za vijiswichi bado zinauzwa madukani kwetu kwa bei ya chini. Ukinunua, uliza swali moja tu: neno lake linabadilika kila mara, au ni lile lile siku zote?

Jambo la mwisho ambalo mashine ilichelewa kulipata ni kujua la kufanya umeme unapokatika. Sisi hili halihitaji maelezo marefu. Lakini sikilizeni yaliyotokea kwenye nchi yenye umeme mwingi. Oktoba 2017 moto mkubwa wa nyika uliteketeza makazi kaskazini mwa California. Umeme ulikatika usiku watu wakikimbia. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo ambao hawakuweza kuinua milango ya gereji zao, gari likiwa ndani, moto uko mlangoni. Yale ya Kasim yakawa kweli. Jimbo likatunga sheria mwaka 2018 kwamba kila mashine ya mlango wa gereji ya nyumbani itakayouzwa au kufungwa kuanzia tarehe 1 Julai 2019 iwe na betri ya akiba. Chombo chenyewe kimekuwa na kamba yake nyekundu ya dharura ya kuachanisha mlango na mota kwa muda mrefu. Lakini mtu aliye katika giza na moshi, ambaye hajaivuta kamba hiyo hata mara moja, ataikumbuka vipi?

Haya niliyoyasema yanayahusu pia mageti yetu ya kuteleza na ya mabawa mawili, ambayo ndiyo mengi hapa. Ukoo wake unapitia Italia zaidi kuliko Marekani. Mwaka 1965, katika mji wa Bologna, ilianzishwa kampuni ya FAAC, ambayo jina lake kwa kirefu maana yake ni kiwanda cha mashine za kufungulia mageti. Kwa kituko cha dunia, mmiliki wake mkuu alipofariki mwaka 2012 wosia wake uliiachia hisa zake Jimbo Kuu Katoliki la Bologna, na kanisa likajikuta katika biashara ya mota za mageti. Geti la kuteleza halishuki kichwani, lakini linabana kwenye nguzo, na likikosa kizuizi cha mwisho wa reli linaweza kutoka na kumwangukia mtu. Nalo linahitaji macho.

Basi wewe unayefikiria kufunga mashine nyumbani kwako, fuata utaratibu huu niliouchota katika historia yenyewe. Kabla ya mota, pima mlango. Uinue kwa mkono hadi usawa wa kiuno, uuachie taratibu. Ukitulia pale, springi iko sawa. Ukianguka au ukipaa, mwite fundi wa springi kwanza, maana mota haitibu mlango mgonjwa, itauficha ugonjwa wake tu. Toa komeo na kamba za zamani zilizobaki mlangoni, zisije zikanasa. Kitufe cha ukutani kiwekwe juu, mita moja na nusu au zaidi, mahali ambapo mtoto hafiki na wewe unauona mlango. Macho yawe chini, kila moja upande wake. Nguvu ya kufunga iwe ndogo kadiri mlango unavyoweza kufunga kwayo. Betri iwepo. Na kila mtu wa nyumbani, pamoja na bibi na msichana wa kazi, avute kamba nyekundu angalau mara moja mlango ukiwa umefungwa, aone unavyoinuka kwa mkono. Usiivute mlango ukiwa juu kama una shaka na springi, kwani unaweza kuanguka wote.

Kisha kila mwezi fanya jaribio la ubao. Chukua kipande cha ubao chenye unene wa sentimita nne hivi, ukilaze sakafuni katikati ya njia ya mlango, ufunge mlango. Ukigusa ubao lazima urudi juu. Usiporudi, uchomoe waya wa mota ukutani, utumie mkono hadi utakapotengenezwa.

Jumanne jioni nilikwenda kwa Babu na kipande changu cha ubao. Tukakilaza. Mlango ukashuka, ukaukandamiza ubao, mota ikanguruma, ukabaki pale. Ubao ulipasuka pembeni. Babu aliutazama kwa muda mrefu. Hakuniuliza nilitaka kumwonyesha nini.

Fundi aliitwa kesho yake. Akakata utepe, akayashusha macho hadi chini ya miimo. Ikaonekana kwamba hayakuwa yakisumbua kwa sababu ya vumbi. Kishikio kimoja hakikukazwa, na kila mlango ulipotikisika jicho liliangalia pembeni. Nati moja, ndugu wasikilizaji. Kazi ya dakika tano. Akapunguza na nguvu ya kufunga, tukaweka ubao mwingine, mlango ukaugusa ukarudi. Babu akaingiza fimbo yake kwenye njia ya mwale, mlango ukarudi hata kabla ya kuigusa.

Nilipokuwa natoka nilimsalimu mlinzi pale kwenye benchi lake. Nikamwuliza anauonaje mlango mpya. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni mzuri, mzee. Lakini mimi sikuwahi kufunga bila kutazama chini."

Habari ya mwisho wa mwezi Babu hajaamua, na hiyo ni shauri yake na mfuko wake. Mimi nimebaki na maneno ya mlinzi. Huyu mtu alikuwa na mikono, masikio, macho, siri, na akili ya kufungua kwa mkono taa zinapozimika, vyote kwa pamoja, tangu siku ya kwanza ya kazi. Mashine imechukua karne nzima kuvikusanya kimoja kimoja, na macho na betri vililetwa na sheria iliyoandikwa baada ya mazishi. Wenzetu walikwisha kuilipa gharama hiyo. Sisi tunaletewa macho ndani ya boksi, na bei yake iko ndani ya bei tuliyolipa. Tusiyafunge utepe.

Leo jioni, kabla hujala, tafuta kipande cha ubao.